Kifaru Chenye Pazia la Maua

Mvua ndiyo iliyomsukuma Hewala ndani ya duka la vifaa vya shule, na kwa kuwa hakuwa na nia ya kununua hata kifutio, alijificha kwenye rafu ya nyuma kabisa akijifanya anachagua. Huko nyuma akawakuta wazee wawili wenye heshima zao, mmoja mfamasia, mwingine mpima ardhi mstaafu, wameshikana mashati.

Hawakugombea mwanamke, wala mpaka wa kiwanja. Mezani mbele yao kulikuwa na kifaru cha vita cha plastiki, chenye ukubwa wa kiatu cha mtoto, na walichogombea ni bolti. Mfamasia alisema kifaru cha kweli kilikuwa na bolti hapa ubavuni, karibu na mzinga, na kiwanda kilichotengeneza modeli hii kimeiacha kwa uzembe. Mpima ardhi alisema bolti hiyo haijawahi kuwepo tangu dunia iumbwe.

"Kwani wewe ulikuwepo?" akauliza mfamasia.

"Wewe je, ulikuwepo?"

Hewala alisikia tumbo lake, ambalo lilikuwa halijaona chakula tangu jana, likichanua kama ua. Kuna watu hutafuta dhahabu mtoni, kuna wanaochimba mafuta jangwani. Yeye maisha yake yote alitafuta mahali ambapo watu wazima wanagombania kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona. Ukipafika hapo, umefika golini na kipa ameenda msalani.

"Bolti ilikuwepo," alisema taratibu, huku akiyatazama madaftari kwa macho ya mtu anayeona mbali. "Mimi nilikuwa natundikia kofia."

Mashati yakaachiwa.

Niseme kidogo kuhusu mtu huyu kabla hajaniponyoka. Waliomwita Hewala walimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kukataa neno: ukimwambia twende harusini, hewala, ukimwambia twende mahakamani, hewala, ila kesho. Alikuwa akiishi kwa dada yake, mpaka alipochukua pikipiki ya shemeji yake bila kumsumbua kwa maswali, akaiweka rehani katika mpango wa kukiuzia kiwanda cha maji ya chupa maji ya chupa. Mpango ulikuwa mzuri, kasoro yake moja tu ni kwamba kiwanda kilikuwa na maji. Pikipiki ikaenda na maji. Dada yake alisimama mlangoni akamwambia, "Rudi na pikipiki ya mume wangu. Ukija bila pikipiki, usije na miguu." Tangu siku hiyo Hewala alikuwa analala kwenye kiti cha kinyozi, na shingo yake imeanza kufuata umbo la kiti.

Kwa hiyo wale wazee walipomwomba awafuate, alisema hewala.

Wakampandisha ngazi hadi kwenye ukumbi ulio juu ya duka la magodoro, makao makuu ya Chama cha Vifaru Vidogo. Ukumbi ulinuka gundi, na mtu akikaa humo mchana kutwa anatoka amelewa bila kumkosea Mungu. Mwenyekiti alikuwa huyo mfamasia. Mpima ardhi alikuwa mpinzani wake, cheo ambacho hakikuwa kwenye katiba ya chama lakini kilifanya kazi kuliko vyote vilivyokuwemo. Kulikuwa pia na fundi saa, ambaye lenzi ilikaa jichoni mwake muda mrefu mpaka watu wakasahau jicho lile lina rangi gani. Na kulikuwa na Mama Daktari.

Mama Daktari alikuwa mjane wa daktari wa meno. Marehemu, katika uhai wake, alinunua maboksi ya vifaru vya kuunganisha kuliko alivyong'oa magego, akayajaza kwenye kabati kubwa na kuyaacha vilevile, nailoni juu yake haijatoboka. Viwanda vilivyoyatengeneza vilikuwa vimeshakufa. Kwa watu wa chama hicho, boksi ambalo halijafunguliwa lina heshima kama siri: likishafunguliwa, limekuwa maneno ya mtaani. Basi msibani, mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba marehemu alitaka kabati lile liende kwa mshindi wa mashindano ya mwaka, yaani mwenye modeli iliyo karibu zaidi na ukweli wa historia. Mjane alikuwa analia, na kilio chake kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Shida yao ilikuwa jaji. Kila mwaka walihukumiana wenyewe, na kila mwaka mwenye duka la magodoro alisikia viti vikiruka juu ya dari yake.

"Afande," mwenyekiti alimwambia Hewala, cheo kikiwa kimeshashuka kama mvua, "ulipigana vita gani?"

"Ile," akajibu Hewala, akainamisha kichwa.

Wote wakainamisha vichwa. Kila mmoja akaweka pale vita aliyokuwa akiipenda, na hakuna aliyeuliza tena.

Ikawa kila mkutano Hewala anapewa chai, mkate na kiti cha mbele, naye anawalipa kwa historia. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakuona ya Hewala, ilikuwa imewekwa lami na taa. Aliwaambia kwamba walichemshia chai juu ya injini, kwa hiyo kifaru chochote kisicho na birika nyuma ni cha maonyesho. Aliwaambia kwamba dereva wao alikuwa ametoka kuoa, akaweka pazia la maua kwenye kitundu cha kuchungulia njia. Aliwaambia kwamba gurudumu moja la kushoto walilitoa wakawa wanalikalia wakati wa kula. Na siku moja, mkate ulipokuwa na siagi, aliwaambia kwamba walisafiri mzinga ukitazama nyuma.

"Nyuma?" mpima ardhi akashangaa. "Kwa nini nyuma?"

"Mzee wangu, adui mjinga huja mbele. Wewe ungependa kujiandaa kwa mjinga?"

Mpima ardhi alitafakari, akaona aibu kwa niaba ya adui mjinga. Mama Daktari, aliyekuwa anakusanya vikombe, alimtazama Hewala mdomoni kwa muda, akaendelea na vikombe vyake.

Mtaa wa pili kulikuwa na muuza vitu vya kale, mtu mwenye macho ya mnada. Hewala alimpitia kumweleza habari za kabati. Yule bwana alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kujibu, dalili ya mtu aliyeanza kutoka jasho. Alikuwa na pikipiki uani, nyekundu, karibu sawa na ile iliyokwenda na maji.

"Niletee kabati zima, nailoni zikiwa nzima," alisema, "uondoke umeipanda."

Sasa ilibaki kulipata kabati, na mjanja wa kweli hachukui kitu cha mtu, anasubiri apewe ashike. Mkutano uliofuata Hewala alisimama, uso umejaa majonzi.

"Ndugu zangu, kuna jambo linanikosesha usingizi. Tuseme nimekagua, nikakuta hakuna modeli hata moja iliyoufikia ukweli. Nimpe kabati mtu aliyekosea kidogo kuliko wenzake? Marehemu huko aliko ataniangaliaje?"

"Unashauri nini, Afande?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi nani hata nishauri. Lakini majeshini, kitu kisicho na mwenyewe hukaa kwa mlinzi mpaka mwenyewe apatikane."

Kwa maneno mengine, wote wakishindwa, kabati likae kwa jaji. Mwenye akili timamu angenusa hapo. Lakini mfamasia alikuwa na hakika atashinda. Na kama hatashinda, ni heri kabati liende kuzimu kuliko kwenda kwa mpima ardhi. Mpima ardhi aliwaza vilevile, kwa vipimo kamili. Fundi saa aliwaza vilevile bila kupepesa lenzi. Mikono ikainuliwa, kanuni ikapita, na Mama Daktari akauliza jambo moja tu.

"Na mimi naweza kushindana?"

Wazee walicheka kwa upendo. Mwenyekiti akasema chama hakibagui, akamwomba aongeze sukari.

Siku ya mashindano ukumbi ulitandikwa shuka jeupe juu ya meza ndefu. Wake na watoto wa wanachama walikuja, hata mwenye duka la magodoro alipanda, maana mwaka huu alitaka kuona viti vikiruka badala ya kuvisikia tu. Hewala aliingia na koti refu la kinyozi lililopigwa pasi, mikono nyuma, kimya. Alijua siri moja ya kazi ya kuhukumu: usiseme upesi. Mtu aliyetengeneza kitu anajua makosa yake yote. Ukimtazama tu bila kusema, atayakubali mwenyewe.

Alianza na kifaru cha mfamasia. Kilikuwa kizuri mno, kimepakwa rangi kwa mkono uliozoea kuhesabu vidonge. Hewala aliinama, akakinusa.

"Hakinuki," alisema.

"Kinuke nini, Afande?"

"Hofu."

Mfamasia aliinama, akakinusa kifaru chake mwenyewe. Nyuma yake mpima ardhi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Tabasamu halikukaa, maana kifaru chake ndicho kilichofuata. Kilikuwa na tope kwenye minyororo, tope la kweli lililochekechwa.

"Tope hili ni la wapi?"

"La bustanini kwangu, Afande. Nimelichuja kwa soksi."

"Naliona. Tope la mtu anayelala kitandani." Hewala alitikisa kichwa. "Sisi tope letu lilikuwa na mawazo."

Sasa akatabasamu mfamasia. Hicho ndicho Hewala alichokuwa amekitegemea: kila mmoja alipoangushwa, wenzake walifurahi kiasi kwamba aliyeanguka alikosa wa kulia naye. Fundi saa alikuwa ameweka sanamu ya askari mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye saa mkononi inayosoma saa. Hewala aliitazama saa kwa kioo cha kukuzia.

"Inakwenda sawasawa?"

"Dakika kwa dakika," akajibu fundi saa, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza mwaka ule.

"Basi si ya vitani. Vitani hakuna aliyekuwa na haraka ya kujua saa."

Naye fundi saa amekwisha. Hewala alinyoosha mgongo, akaiona pikipiki nyekundu waziwazi, akamwona dada yake akisogea mlangoni kumpisha. Akavuta pumzi ili atangaze kwa uchungu kwamba ukweli wa historia haujapatikana.

"Bado mimi, baba," akasema Mama Daktari.

Akaweka mezani kitu kilichofunikwa kitambaa cha meza, akakifunua.

Watoto ndio walioanza kucheka. Kilikuwa kifaru, hilo halina ubishi, lakini kilionekana kama kimeunganishwa na mtu aliyekalia maelekezo. Rangi yake ilikuwa ya kijani kibichi cha milango ya nyumba. Mzinga ulitazama nyuma. Upande wa kushoto gurudumu moja halikuwepo, na pembeni, juu ya gurudumu hilo, alikaa askari wa plastiki akila. Nyuma ya injini kulikuwa na birika la udongo wa kuchezea. Ubavuni kulikuwa na bolti, na kwenye bolti kofia. Na mbele, kwenye kitundu cha dereva, lilining'inia pazia la maua lililokatwa kwenye gauni, limepindwa pindo kwa sindano.

Mpima ardhi naye alikuwa anacheka, mpaka fundi saa akatoa lenzi jichoni. Jicho lilikuwa la kahawia.

"Lakini," fundi saa akasema, "si ndivyo alivyosema Afande?"

Kicheko kikaisha kama maji ya bomba.

"Kagua, baba," Mama Daktari akasema, akimpa kioo cha kukuzia. "Hapo kama kuna kitu ambacho hukutuambia, nionyeshe kwa kidole, nitakitoa."

Hewala aliinama. Aliinama muda mrefu kuliko kwa wengine wote. Uongo wake wote ulikuwa pale, umeganda kwa gundi, mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliokuwa umekosewa. Akisema si kweli, amejiita mwongo mbele ya watu wazima waliokuja na visu vyao vya kukatia plastiki. Akisema ni kweli, kabati limeondoka, na pikipiki imeondoka na kabati, na yeye anarudi kwenye kiti cha kinyozi na shingo yake. Jasho lilimtoka mpaka likadondoka kwenye shuka jeupe. Wazee wakadhani analia.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hewala alichutama.

"Ndicho," alisema. "Ndicho chenyewe."

"Na rangi je?" mwenyekiti akapiga kelele. "Afande, hii ni rangi ya mlango."

Hapo Hewala akajikuta anafanya kazi ambayo hajawahi kuifanya, kutetea kitu bila faida. "Mzee wangu, jeshi lilipaka kilichobaki. Ulitaka tumwombe adui asubiri tukachague rangi?"

Mwenye duka la magodoro akapiga makofi, na wengine wakafuata, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kuitambua historia. Kabati likatangazwa la Mama Daktari. Kabla makofi hayajaisha, mpima ardhi alikuwa amekwishashika kifaru chake na kuupindua mzinga utazame nyuma. Uling'oka, akaomba gundi. Fundi saa alikuwa anawaomba wanawake kipande cha kitambaa chenye maua madogo.

Nyumbani kwa mjane, muuza vitu vya kale alikuwa ameshafika na mkokoteni. Mama Daktari alikuwa amepatana naye mapema. Mbavu zake Hewala ndizo zilizotoa maboksi, maana Mama Daktari alimwomba kwa heshima, "Nisaidie, baba, wewe umezoea vitu vizito," na mtu aliyekalia kifaru hawezi kusema mgongo unamuuma. Maboksi yalipoisha kutoka, ikaingia kutoka mkokotenini bei yake, meza ya kulia chakula, kubwa, ya mbao nzito, na hiyo nayo akaibeba.

Alipoitua chini aliinama karibu na sikio la mjane. "Mama, tuongee kama watu wazima. Ushindi nimekupa mimi. Fungu langu liko wapi?"

"Hukunipa, baba. Umenirudishia." Mama Daktari alikuwa anaifuta meza kwa kiganja, kutoka pembe hadi pembe. "Mume wangu hakusema neno lolote kuhusu mshindi. Alikufa amelala. Yule mwenyekiti wenu alimtungia wosia mimi nikiwa na kitambaa usoni, mbele ya watu wote, ningesema nini? Tangu niolewe, meza ya kulia ilikuwa ya vifaru. Nimekula nimesimama jikoni mpaka nimekuwa bibi."

"Na mimi ulinijuaje?"

"Nimeolewa na daktari wa meno, baba. Namjua mtu anayecheka kwa meno ya kuazima." Akavuta kiti, akakaa. "Kaa ule kabla hujaenda."

Alikula. Tuseme ukweli, alikula sana. Kisha akatoka nje ameshiba na mikono mitupu, akamkuta mfamasia getini, pumzi juu, kofia mkononi, pikipiki yake imeegeshwa pembeni na sanduku la dawa nyuma.

"Afande, swali moja la siri. Lile pazia. Maua yalikuwa makubwa au madogo? Nataka niwahi kabla mpima ardhi hajajua."

Hewala alimtazama mtu huyu, aliyetunga wosia wa marehemu na bado anataka ukweli wa historia. Akaitazama pikipiki. Ilikuwa ya bluu. Kitu kilichokuwa kimelala ndani yake kikakaa kitako.

"Picha ipo," alisema kwa sauti ya chini. "Dereva wetu anayo, pazia linaonekana lote. Lakini ni mgonjwa, sidhani atafika jioni. Na kwa miguu mimi..."

"Chukua pikipiki," mfamasia akasema, ufunguo tayari mkononi. "Mimi nitakusubiri hapa hapa. Ila Afande, picha niione mimi tu."

"Hewala," akasema Hewala.

Jua halijashuka, alikuwa uani kwa dada yake. Shemeji yake, fundi bomba, aliinuka kwenye benchi alipokuwa ameketi na mgeni, pande la mtu mwenye bucha mtaani kwao. Dada alitokeza mlangoni, mkono kiunoni.

"Pikipiki yako hii, shemeji," akasema Hewala.

Shemeji aliizunguka. "Yangu ilikuwa nyekundu."

"Jua limeichosha."

"Jua limeifanya bluu?"

"Jua la siku hizi, shemeji."

"Na sanduku hili la dawa?"

"Zawadi."

"Mdogo wangu," dada akasema toka mlangoni, "ukidanganya uwe unapumzika."

Shemeji alimshika Hewala bega, akamvuta pembeni, na ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa na aibu usoni. "Sikiliza. Hata ile nyekundu haikuwa yangu. Niliiazima. Mwenyewe ni huyu hapa, anakuja kila siku, na leo amesema haondoki."

Mwenye bucha alikwishasimama. Aliiendea pikipiki bila haraka, mikono nyuma. Aliizunguka upande huu, akaizunguka upande ule. Alichuchumaa akatazama mnyororo, akakwaruza rangi kwa ukucha, akauinua ukucha akautazama. Akafungua sanduku la dawa, akanusa, akalifunga. Hewala alisimama kando, kofia mkononi, akisubiri hukumu kama mtengeneza modeli yeyote.

"Siyo yangu," mwenye bucha akasema.

Akainua mguu, akapanda, akaiwasha, akasikiliza injini mpaka ikatulia.

"Siyo yangu," akarudia, akigeuza usukani kuelekea barabarani. "Lakini inakaribia."